Viti Viwili Havikurudi

Kazi yangu ni viti.
Vya plastiki, vya bluu, vya kukodisha.
Nimeviandika MBOJE mgongoni kwa rangi nyeupe
visinipotelee harusini wala msibani.
Kuvipandisha Mabatini hadi kwa Baba Mayunga
ni ngazi sabini na mbili, kisha mwamba, kisha ngazi tena,
vijana wakivibeba sita sita kichwani,
na ziwa kule chini linameta
kama halikuambiwa.

Viti mia na ishirini, siku tatu.
Watu walikaa, wakanywa chai, wakala wali na maharage,
wakasema, "Aliugua ghafla."
Wakadhani turubai halina masikio, wakasema
mtihani, msichana, mizimu ya upande wa mama.
Neno lenyewe walilizunguka
kama waya wa umeme ulioanguka njiani.
Mchungaji alisoma mbiombio,
akafunga kitabu kama afungaye duka mvua ikinukia.

Siku ya nne nikaenda kuvichukua.
Mama alikuwa kizingitini, anapepeta mchele
uliokwisha kuwa safi.
Nikabisha kama nilivyozoea:
"Hodi, Mama Mayunga."

Ungo ukasimama.

"Siku nne," akasema, "hakuna aliyeniita hivyo.
Naitwa dada. Naitwa jirani. Naitwa pole wewe.
Walipomfukia, na jina langu walilitupia humo humo."
Kisha akasema, "Hebu niite tena."
Nikamwita.
Akasema, tena.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba,
amepakata kabureta mapajani kama kifaranga.
Ni fundi wa mashine za boti, mwaloni Kirumba, wote wanamjua.
"Mboje, mashine ikikohoa naisikia ingali mbali majini,
mwenye boti hajajua bado.
Huyu tulikula sahani moja.
Jumapili ile alicheka.
Mimi masikio yangu yalikuwa wapi?"

Majibu nilikuwa nayo. Kila mtu anayo, ni ya bure:
mpango wa Mungu, jikaze, wewe ni mwanamume.
Nikayameza, yakanikwaruza.
Nikasema, "Sijui, Baba Mayunga.
Ninachokumbuka ni Desemba, harusi ya binti wa Nyanzala.
Alinisaidia kuhesabu viti.
Mara tatu akapata mia na kumi na tisa,
mara tatu tunazunguka ukumbi kutafuta mwizi,
kumbe amekikalia kimoja."
Baba akatoa sauti.
Nusu yake ilikuwa kicheko.
Ile nusu nyingine sijui inaitwaje.

Nilishusha mia na kumi na nane.
Mke wangu alihesabu, akauliza, "Viwili?"
Nikamwambia viko kwa kina Mayunga.
Akaandika daftarini: *havijarudi*.
Mahali pa bei akapaacha wazi.

Basi kila Alhamisi nikishafunga stoo, napanda.
Mara na dagaa wa kubandika, mara na nyanya,
mara mikono mitupu na jasho langu.
Kuna siku tunasema. Kuna siku baba anafungua kabureta,
anaifunga, anaifungua,
na giza linatukuta hapo.
Kuna siku mama ananikasirikia mimi
kwa kuwa niko karibu, na hasira inataka mtu.
Nakaa. Kiti ni changu.

Cha pili kilikaa wazi wiki tano.

Wiki ya sita nilimkuta mtoto wa watu ngazini,
sare ya shule, kidato cha tatu,
daftari la fizikia kakumbatia kifuani.
"Nilimwazima," akasema. "Sikujua nilirudishe kwa nani."
Alikuwa amefika hapo mara nne, akageuka mara nne.
Sikumshika mkono. Nilitangulia tu, polepole,
nikisikia viatu vyake nyuma yangu
kwenye mwamba, kisha kwenye ngazi tena.

Mlangoni nilinyamaza, nikamwachia yeye.
Akameza mate.
"Hodi, Mama..."
Sauti ikakatika.

Ndani, kimya. Kisha mama:
"Malizia, mwanangu."